Kwenda Bonaire peke yako si kosa, kosa ni kutoaga

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa safari wa wiki mbili zilizopita ulitaja visiwa sita vya Karibiani, kila kimoja kwa aya moja, na mwishoni mwandishi akatuambia tubebe pasipoti, nguo ya kuogelea na moyo mkunjufu. Wiki iliyofuata msomaji mmoja akajibu kwamba mwanamke kwenda baharini peke yake huko ni kujitafutia balaa. Niliwasoma wote wawili nikiwa zamu ya usiku, nikacheka, maana mimi nimeshakwenda. Nilikwenda Bonaire, kisiwa cha Karibiani, peke yangu, siku sita, na balaa nililipata kweli, ila si lile alilolidhani msomaji huyo.

Mimi ni muuguzi, natunza wazee hapa Rotterdam, Uholanzi. Nina miaka 49, navaa miwani, na kuogelea nilijifunza ukubwani. Nayasema haya ili mtu asidhani anasoma barua ya mzamiaji hodari. Nilichokuwa nakitaka ni snokeli tu: miwani ya majini, mrija mdomoni, mapezi miguuni, kuelea juu juu na kutazama chini.

Niliichagua Bonaire kwa sababu moja. Pale unaingia majini kwa miguu yako mwenyewe. Visiwa vingi, ili uyafikie matumbawe unahitaji boti, na boti inahitaji kikundi, na mtu mmoja hulipishwa kama kikundi au huachwa gatini. Bonaire barabara inapita kando ya bahari sehemu kubwa ya upande wa magharibi, na kila penye mahali pa kuingilia pamewekwa jiwe lililopakwa rangi ya njano, jina limeandikwa juu yake. Unaegesha gari, unavaa mapezi, hatua chache uko juu ya mwamba. Bahari yote inayokizunguka kisiwa, mpaka kina cha mita 60, ni hifadhi tangu 1979, na inaonekana.

Wakala mmoja wa safari, simtaji jina, alitaka kuniweka upande wa mashariki, karibu na ghuba ya Lac, kwa kuwa picha zake zilikuwa nzuri kuliko zote. Kweli ni pazuri. Lakini upepo wa pale hutoka mashariki karibu mwaka mzima, na upande huo ndiko wanakokwenda watu wa kuteleza majini kwa mbao zenye tanga. Nje ya ghuba mawimbi yanapiga miamba bila huruma, na kuna miezi magugu ya baharini yanayoelea hurundikana huko mpaka yanaoza. Magharibi, kisiwa chenyewe ndicho kinachokukinga na upepo. Nilipomuuliza wakala upepo unatoka wapi, aliniambia hoteli ina feni nzuri. Nikakata simu, nikapanga chumba Kralendijk, mji mkuu wa kisiwa, kwa bibi mmoja wa makamo mwenye nyumba ya uani.

Ya karatasi nayapitia haraka. Bonaire ni sehemu ya Uholanzi tangu tarehe 10 Oktoba 2010, lakini haimo Schengen, lile eneo la viza moja la Ulaya, kwa hiyo mwenye pasipoti ya kwetu aulize habari za viza ya Karibiani kabla ya kununua tiketi. Pesa yao ni dola ya Marekani, si yuro. Mgeni wa kawaida kama mimi hulipa kodi ya kuingia, dola 75, na anayetia mguu majini hulipa ada ya hifadhi, dola 40 kwa mwaka. Ndege kutoka Amsterdam hukaa angani kama saa kumi. Basi la kukuzungusha kisiwani usilitegemee, utakodi gari, nao huendesha upande wa kulia.

Sasa miwani. Hapa mwandishi wenu alipaswa kutumia nusu ukurasa. Miwani ya kukodi ilivaliwa na nyuso mia kabla ya wako. Nunua yako, na dukani usiifunge mpira: ibandike usoni, vuta pumzi kidogo kwa pua, achia mikono. Ikidondoka, si yako. Mimi nilijaribu saba. Niliyoichukua nikaitia vioo vya macho yangu, kwa sababu kulipa nauli yote ile ukatazame ukungu wa rangi rangi ni uwendawazimu. Halafu kuna nywele. Nilikuwa nimesuka, na rasta moja nyembamba kama uzi ikipita chini ya ule mpira wa paji la uso, maji huingia kidogo kidogo mpaka yanafika puani. Niliyagundua haya kwenye bwawa la kuogelea, wiki mbili kabla ya safari, mbele ya watoto waliokuwa wakinicheka. Heri bwawani.

Nilidhani nimejipanga. Nilikuwa na daftari lenye majina ya mawe ya njano kumi na mawili, nimeandika lipi linafaa asubuhi na lipi jioni. Kosa langu halikuwa kwenye daftari hilo hata kidogo.

Kila anayeijua Bonaire atakwambia: usiache kitu ndani ya gari. Wezi wanajua kuwa ukiwa majini huna macho nchi kavu. Wako wanaoacha hata milango bila kufunga na vioo vimeshushwa, ili mwizi achungulie, asione kitu, aende zake bila kuvunja. Haya, watu wawili wakienda, mmoja hukaa na vitu. Mimi niko mmoja. Simu na pasipoti nikaviacha chumbani. Noti ya dola 20 nikaikunja ndani ya soksi. Ukabaki ufunguo. Nao ulikuwa wa kielektroniki, kidude cheusi chenye vitufe vitatu. Nikautia kwenye mfuko wa plastiki usioingia maji, nikauning'iniza shingoni chini ya fulana. Je, niliujaribu ule mfuko kwenye beseni kabla? Sikuujaribu. Miwani niliijaribu saba, mfuko hata mara moja.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, niliegesha kusini kabisa, penye jiwe lililoandikwa White Slave. Pale ufukweni hakuna mchanga wa maana, ni vipande vya matumbawe yaliyokufa vinavyolia chini ya kiatu kama vigae. Niliingia kinyumenyume. Dakika tatu baadaye nilikuwa nimesahau kama nina mwili. Kulikuwa na pono mkubwa wa kijani na waridi akiutafuna mwamba, na unamsikia kweli, kru, kru, kama mtu anayekula karanga pembeni yako, kisha kwa nyuma anamwaga mchanga kama moshi. Samaki mkunga alitoa kichwa tu kwenye mwamba. Kasa mmoja alipanda kuvuta pumzi umbali wa kama mita nne kutoka nilipo, akanitazama, akashuka. Nilikaa saa nzima.

Nilipotoka, mfuko ulikuwa umejaa maji na ufunguo unaelea humo kama samaki wa dukani. Nikabonyeza. Kimya. Nikaupangusa, nikaupuliza, nikauanika juu ya jiwe la njano, nikabonyeza tena. Gari wala halikukonyeza taa.

Anayepajua kule kusini anaelewa. Upande mmoja bahari, upande wa pili mabwawa ya chumvi yenye maji ya waridi, mbali vilima vyeupe vya chumvi na heroe wachache wamesimama kwa mguu mmoja. Hakuna mti wa kukupa kivuli. Kuna vibanda tu, safu ya vibanda vidogo vya mawe vilivyopakwa chokaa, na hivyo vina historia yake. Vilijengwa 1850 kwa ajili ya watumwa waliovuna chumvi. Mlango ulinifika kiunoni. Niliingia kwa kuinama mpaka mikono ikagusa chini, na ndani sikuweza kusimama wima. Wao walilala humo wiki nzima, na wikiendi walitembea kwa miguu karibu saa saba hadi kijiji cha Rincon, kaskazini, kuziona familia zao, kisha wakarudi. Utumwa kwenye makoloni ya Uholanzi ya Karibiani ulifutwa 1863. Mimi nilikaa humo na mapezi ya rangi ya machungwa mapajani, mtu wa likizo, kwa sababu ndicho kivuli pekee nilichopata. Sikupiga picha. Simu sikuwa nayo, na hata ningekuwa nayo sidhani.

Ni ndani ya kibanda kile nilipopiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga nyumbani. Bibi mwenye nyumba alijua niko baharini, na angejua hivyo mpaka kesho. Wenzangu kazini walijua niko likizo. Dada yangu alijua niko Karibiani, na Karibiani ni kubwa. Hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua jina la jiwe nililoegesha, wala saa ambayo aanze kujiuliza mbona huyu harudi. Kama badala ya ufunguo ningekuwa nimeharibika mimi, ningetafutwa siku ya kupanda ndege. Kwetu mtu akienda sokoni tu huaga. Mimi nilivuka bahari nzima bila kumwambia mtu naingia maji gani.

Mzee mmoja mwenye pikapu na mishipi ya kuvulia ndiye aliyesimama. Nilimwambia "Bon dia", habari za asubuhi, Kipapiamentu changu, lugha ya kisiwani, kikaishia hapo, tukaendelea kwa Kiholanzi. Aliutazama ufunguo, akacheka, akasema bahari imekwishakula nyingi za namna hiyo. Noti ya kwenye soksi aliikataa. Kampuni ya kukodisha ilinitoza ufunguo mpya kwa bei ambayo siiandiki hapa, maana shemeji yangu hulisoma gazeti hili. Nikawaomba gari kuukuu kuliko yote waliyonayo, lenye ufunguo wa chuma. Likapatikana. Ufunguo nikaubana kwa pini ndani ya nguo ya kuogelea, ukalowa siku nne zilizobaki bila kulalamika.

Jioni hiyo niliandika karatasi ya kwanza, nikampa yule bibi. Jiwe gani, naingia saa ngapi, natoka saa ngapi, nikirudi nitagonga dirisha la jikoni, na saa ngapi akiona sijagonga apige simu polisi. Aliisoma mara mbili, uso ukambadilika. Nilikuwa nimeandika saa kwa kichwa cha Kiswahili: naingia 3, natoka 6. Kwao hiyo ni alasiri mpaka giza linaingia. Akaniuliza kama nataka kufa. Nikasahihisha, 9 na 12, tukacheka wote, na kuanzia hapo kila asubuhi aliidai karatasi kabla ya kunipa kahawa.

Siku ya tatu karatasi ilisema 1000 Steps, yaani Ngazi Elfu. Ngazi zenyewe hazifiki hata sabini. Jina utalielewa unapozipanda kurudi juu na jua la mchana mgongoni. Ukitoka hapo, barabara ya kaskazini ni ya kwenda tu, huwezi kugeuza, lazima uzunguke hadi Rincon ndipo urudi mjini. Nilikuwa sikulitia hilo kwenye saa zangu. Nilichelewa dakika 40, nikamkuta bibi amesimama barazani na simu mkononi. Kesho yake niliongeza saa moja ya ziada kwenye kila karatasi, na namshauri kila mtu afanye hivyo, kwa sababu karatasi inayokimbiza watu bure siku ya kwanza haitaaminiwa siku ya tatu.

Klein Bonaire lazima niiseme. Ni kisiwa kidogo tambarare mkabala na mji, hakuna anayeishi huko, kilinunuliwa 1999 ili kisijengwe hoteli. Unavuka kwa boti ya abiria. Huko choo hakuna, maji ya kunywa hakuna, kivuli ni cha kugombania. Raha yake ni mkondo: unatembea ufukweni kuukabili, unaingia juu, unauacha ukurudishe ulikotoka, wewe huna kazi ila kutazama. Mkondo unausoma kwa matumbawe laini, yale yaliyo kama mafagio. Yakiinama, tazama yanainamia wapi, na kama yamelala kabisa kaa nchi kavu. Nahodha nilimwambia kwa mdomo wangu: niko peke yangu, nihesabu. Akaandika jina langu kiganjani. Pwani yote ya pale inafanana, kwa hiyo nilifunga leso yangu nyekundu kwenye kijiti mahali pa kutokea. Na bado, bahari haishi zinge. Nilikuwa namfuata ngisi, wako kundi, wanakutazama huku wanarudi nyuma kama wahudumu wa mfalme, nilipoinua kichwa leso iko nyuma yangu tayari. Sikupambana na maji. Nilikata mshazari kuelekea ufukweni, nikatokea mbele zaidi, nikarudi kwa mguu juu ya mawe makali. Viatu vya soli ngumu vilinifaa pale kuliko mapezi.

Na hili nalisema kama muuguzi. Ukiwa peke yako, kaa juu. Usizame kwa pumzi moja kumfuata kasa, hasa usiheme haraka haraka kwanza ili "ujaze" kifua. Ule msukumo wa kutaka kupumua hausababishwi na oksijeni kupungua, unasababishwa na kaboni dioksidi kujaa. Ukihema kwa kasi unaiondoa hiyo, kengele inazimika, oksijeni inaendelea kuisha na unazimia bila dalili yoyote, mara nyingi ukiwa unakaribia kufika juu. Mwenye mwenzake huvutwa. Vijana wenye nguvu wamekufa hivyo kwenye maji ya kina cha mwanamume kusimama. Vaa boya la rangi kali, lenye kamba, boti zikuone. Na unapoanza kuhisi baridi, toka. Maji ya nyuzi 27 yanapendeza, lakini saa nzima ndani yake mwili unapoa.

Mengine madogo. Mafuta ya jua yenye kemikali za oksibenzoni au oktinoksati yamepigwa marufuku Bonaire tangu 2021, kwa hiyo vaa fulana ya mikono mirefu, ni rahisi na haiyeyuki. Tazama siku za meli kubwa za watalii. Meli ikitia nanga Kralendijk, wewe nenda mbali na mji. Osha vifaa vyako vizuri kabla ya safari na kati ya sehemu na sehemu, kwani tangu 2023 kuna ugonjwa unaoua matumbawe magumu pale, na nimeona kwa macho yangu vichwa vya matumbawe vyenye ukubwa wa meza vimebaki vyeupe. Na ukimwona samaki simba, yule wa mistari na miiba kama manyoya, jua ni mgeni kama wewe: asili yake ni Bahari ya Hindi na Pasifiki, kule hana wa kumla, na tangu alipofika Bonaire 2009 wanamwinda kwa mikuki midogo na kumkaanga. Nilimla. Ni mtamu, Mungu anisamehe.

Kwa msomaji wenu aliyetuonya: sikusumbuliwa na mwanamume hata mmoja siku zote sita. Kwa mwandishi wenu: moyo mkunjufu haufungui gari.

Siku ya mwisho niliaga, nikatoa mkono, bibi hakuupokea. Akaonyesha meza ya jikoni, palipokuwa na kalamu. Nikaandika: uwanja wa ndege, naondoka saa fulani, natua Amsterdam saa fulani, nitapiga simu. Saa nikaziandika kwa hesabu yao, nikazihakiki mara mbili. Nilipotua nilisubiri mzigo kwanza, nikaenda msalani, nikanunua maji, ndipo nikapiga. Ilikuwa usiku wa manane kwake. Alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Rotterdam